Droo ya Tatu

Ya kwanza ina uma na vijiko.
Ya pili, vitambaa vya meza.
Ya tatu usiifungue kabla ya chakula:
nywele zilizoungua hazisahau njia ya puani.

Humo nimezilaza.
Hii nyekundu, yenye meno, ilitoka Winnipeg;
iliishi sekunde nne.
Hii ya dhahabu ni ya bibi arusi wa Belo Horizonte,
aliyeniapia kuwa umeme anaujua.
Na hii draya, shavu lake limeyeyuka
kama aliyelalia jiko.

Mimi ni Deolinda, mwenye nyumba ya wageni
kwenye mtaa unaopanda Porto kwa pumu.
Vyumba sita, fyuzi moja ya zamani,
na kibao nilichokiandika mwenyewe:
VOLTI MIA MBILI NA THELATHINI. TAFADHALI.
Lakini nani husoma kibao
maji yakimchuruzika shingoni?

Hunionyesha adapta. "Ninayo, mama, ninayo."
Adapta, mwanangu, hubadili viatu tu.
Moyo ni ule ule,
na moyo uliozoea volti mia
ukimiminiwa zaidi ya mara mbili kwa mpigo
haukui, hupasuka.
Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho, sawa;
ila chuma hakina kope.

Februari alikuja Chizuru, kutoka Sapporo,
na fidla aliyoikumbatia kama mtoto mwenye homa.
Saa mbili usiku apige mbele ya majaji watatu.
Saa kumi na mbili nikasikia: pap!
Nyumba ikazima. Friji ikakata pumzi.
Amadeu akalaani gizani,
mpira wake umebakiza dakika mbili.

Nilipanda na mshumaa.
Nikamkuta kwenye ukingo wa bafu, pasi mkononi,
shungi moja limeng'ang'ania chuma.
Hakulia. Aliomba radhi:
kwa soketi, kwa ukuta, kwa mshumaa wangu.

Mimi sina Kijapani, yeye hana Kireno.
Nilileta mkasi wa kukatia mapezi ya samaki,
nikalikata lile shungi.
Nikachana shuka kuukuu vipande vipande,
nikamsokota nywele kwa matambara
kama mama alivyonisokota kila Jumamosi,
halafu tukaketi mbele ya oveni ya gesi, mlango wazi,
kama wawili wanaongoja mkate.

Akaenda na mawimbi kichwani.
Alirudi usiku wa manane, akanywa supu akiwa amesimama.
Sikumuuliza.

Na mimi? Mimi nilikwenda Toronto,
Benilde wangu alipojifungua.
Nilibeba draya yangu ya miaka kumi na tisa,
nimeiviringisha ndani ya sweta.
Nikaichomeka, nimefumba macho.
Haikupasuka.
Ilipumua. Vuguvugu, kwa shida,
kama mgonjwa anayejaribu kuzima kiberiti.
Nikakaa kitandani, mabega yamelowa;
nje theluji, sebuleni Benilde na mumewe
wakizungumza ile lugha yao ya haraka,
wakicheka mahali nisipoona mzaha.
Mtoto akaletwa. Akanishika nywele mbichi
akashtuka kwa baridi yake.

Kumbe ziko namna mbili:
kuna kuungua,
na kuna kutofika.

Amadeu anaitaka droo, ana misumari yake.
Namwambia kesho. Namwambia hivyo tangu Pasaka.
Jana tu nimempa namba nne
mama mmoja wa Winnipeg, mpole, mwenye begi zito.
Nimemsomea kibao kwa sauti. Ameitikia kwa kichwa,
amenionyesha adapta.

Sasa maji ya bafu yamekoma kule juu.
Napapasa mfukoni.
Kiberiti nilikiweka wapi?